Redio Haijafa, Tunaliwa Tu



Najua nimekuwa kimya. Wapo waliodhani nimeacha kuandika, na yupo mmoja aliyeniuliza kama nimeoa. Sijaoa. Nilipata likizo ya wiki mbili kutoka chumba cha habari, nikaona badala ya kuzurura Kariakoo nikitazama viatu nisivyoweza kununua, heri nipande basi niende nyumbani, nikale kuku wa kienyeji na kumsikiliza bibi. Nilipanga nikiwa huko niandike kuhusu bei ya vitunguu. Makala hiyo itakuja. Leo nina hasira, na hasira yangu inahusu tundu.

Ndiyo, tundu! Lile la milimita tatu na nusu linaloandikwa AUX kwenye uso wa redio ya gari. Unachomeka waya, upande wa pili unachomeka kwenye simu, na kilichomo kwenye simu kinatokea kwenye spika za gari. Utasema huyu kijana kaishiwa, nchi ina mambo mazito yeye anahangaika na tundu la redio. Subiri kwanza. Kwa sababu ya tundu hilo mjomba wangu katoa shilingi laki mbili na themanini, na nusura gari liungue likiwa na watu tisa ndani, mimi nikiwa mmoja wao. (Msiniulize Noah inatakiwa kubeba wangapi. Hiyo nayo ni makala nyingine.)

Mjomba ana Noah inayobeba abiria kati ya Ilongero na Singida mjini. Ni Toyota iliyotumika Japani kwanza kabla ya kuja kwetu, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya magari mnayoyaona barabarani. Redio iliyokuja nayo ilikuwa ya kaseti na CD, maandishi yote ya Kijapani. Lakini ilikuwa nzima. Naomba mlishike neno hilo: nzima. Spika zote nne zinalia, vibonye vyote vinabonyezeka, isipokuwa kile cha kuongeza sauti ambacho mtoto wa mjomba alikipasua na mjomba akakigandisha kwa gundi ya manjano. Gundi hiyo pia mnaishike, tutakutana nayo mbele.

Kasoro zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, stesheni nyingi za kwetu ilikuwa haizishiki. Ya pili, haikuwa na mahali pa kuingiza flashi wala waya wa simu.

Hiyo ya kwanza wengi wanadhani ni ubovu. Si ubovu. Japani matangazo yao ya FM yalipangiwa kati ya megahezi 76 na 90, kwa sababu kuanzia 90 hadi 108 walikuwa wameipa televisheni ya analojia, chaneli ya 1 hadi ya 3. Sisi na sehemu kubwa ya dunia tunatumia 87.5 hadi 108. Sasa piga hesabu mwenyewe: redio ya Japani na matangazo yetu vinakutana kwenye kipande cha megahezi mbili na nusu tu, kutoka 87.5 hadi 90. Televisheni ya analojia waliizima mwaka 2011 katika sehemu kubwa ya nchi yao, na baadaye wakasogeza FM yao hadi 95, lakini hayo hayakumsaidia mjomba, maana Noah yake ni ya zamani kuliko hapo. Wapo wanaouza kile kidude cha kufungwa kwenye eriali, kinachoshusha masafa ili redio iyapate. Kinasaidia, ila nacho hakifanyi miujiza. Dirisha la redio ni megahezi 14, matangazo yetu yanahitaji 20 na nusu. Kikishusha 16, utapata kuanzia 92 hadi 106, na zilizo juu ya hapo utazisikia kwa jirani.

Basi mjomba akafanya wanachofanya wote. Akanunua kile kirusha mawimbi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Shilingi elfu kumi na mbili. Unaweka flashi, kinatangaza kama stesheni ya FM ndani ya gari, redio inakinasa. Kwenye picha ya boksi kuna mzungu anacheka. Mjomba hakucheka. Maana hesabu ni ile ile: kirusha mawimbi kinatangaza kati ya 87.5 na 108, redio inasikia mpaka 90, kwa hiyo una kichochoro cha megahezi mbili na nusu cha kujificha, na humo humo kuna watangazaji wenye mitambo mirefu kuliko mnara wa kanisa. Ukiwa Ilongero unasikia wimbo wako na mchakato kidogo kwa nyuma. Ukikaribia mjini, katikati ya ubeti, anaingia mtu anatangaza sabuni.

Nimesikia watu wanavisifia vidude hivi. Mimi naviita plasta kwenye jeraha lisilokuwepo. Wimbo unatoka kwenye flashi ukiwa sauti, unageuzwa mawimbi, unarushwa umbali wa mkono mmoja, unagombana hewani na dunia nzima, halafu unageuzwa tena kuwa sauti. Kwa nini? Ili kukwepa kulehemu nyaya tatu. Uingereza vitu hivi vilikuwa haramu kabisa hadi Desemba 2006, waliporuhusu vile vyenye nguvu ndogo sana. Hofu yao ilikuwa ni kuingilia matangazo ya watu. Kwa mjomba ilikuwa kinyume, matangazo ya watu ndiyo yaliyomwingilia.

Hapo ndipo alipokwenda dukani.

Duka lenyewe liko mjini na silitaji, wala msinitumie ujumbe mkiniomba jina. Alimkuta kijana mwenye fulana safi. Mjomba akamweleza shida yake kwa lugha nyepesi: nataka niweke tundu la waya wa simu kwenye redio yangu hii hii. Yule kijana akaitazama redio kama daktari anavyoitazama maiti. Akasema, "Mzee, hii imeshakufa. Hizi za Kijapani haziongezwi AUX. Haiwezekani." Akamwonyesha redio mpya yenye kioo kikubwa kama sahani ya ubwabwa, inaonyesha video, ina ramani, ina Bluetooth, ina kila kitu. Shilingi laki mbili na themanini pamoja na kufungwa. Na ile ya zamani? "Iache tu mzee, tutaitupa."

Mjomba akalipa. Si mjinga, mjomba. Ameuza alizeti na vitunguu miaka mingi na hakuna dalali anayeweza kumpunja hata debe moja. Lakini ukiingia mahali ambapo mtu anakuambia haiwezekani kwa sauti ya uhakika, na wewe huna wa kumuuliza, utafanyaje?

Siku yangu ya pili nyumbani nikapanda Noah hiyo kwenda mjini, nimekaa mbele, karibu na kioo kile kikubwa. Mama mmoja nyuma alikuwa na majogoo mawili kwenye tenga. Hatujafika mbali, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikadhani ni breki. Kisha moshi mwembamba ukatoka pembeni ya kioo, ukawa mnene. Mjomba akasimama ghafla, watu wakafungua mlango, mwingine akapitia dirishani, na tenga likapinduka. Mjomba akafungua boneti na kung'oa kichwa cha betri kwa mkono mtupu, bila spana, jambo ambalo mpaka leo sijui aliliwezaje. Hakuna aliyeumia. Jogoo mmoja alipatikana, mwingine hatukumwona tena na mjomba alimlipa.

Tukalivuta gari mpaka kwa fundi redio wa Ilongero. Wenyeji mnamjua. Mzee wa miaka sitini hivi, kibanda chake kina redio zilizofumuliwa hadi juu ya paa. Alianza kazi enzi za redio za mkulima. Zamani nchi hii ilikuwa inaunganisha redio zake: Philips walikuwa Arusha, na Matsushita, wale wa National, walikuwa Dar es Salaam. Mzee huyu amefungua redio hizo kuliko mimi nilivyofungua vitabu chuoni.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akaing'oa ile sahani ya ubwabwa taratibu, akachungulia ndani, akavua miwani. "Mwandishi," akaniambia, "njoo uone habari."

Habari yenyewe ni hii. Nyuma ya redio ya Toyota kuna soketi. Nyaya zote za redio zinaingia kwenye soketi hiyo, unachomeka, imekwisha. Kwa redio ya kiwanda kingine kuna kipande cha nyaya kinachouzwa kwa bei ya chipsi kuku, upande mmoja kinaingia kwenye soketi ya Toyota, upande wa pili kwenye redio mpya, hukati hata waya mmoja. Wale mabwana waliikata soketi. Waliikata kwa plaizi, wakasokota waya kwa waya kwa vidole, wakafunga kwa tepu ambayo kwa joto la dashibodi ilishaanza kuachia gundi. Kwa kawaida, kwenye magari ya Toyota, umeme wa kudumu wa betri unakuja redioni kwa waya wa bluu wenye mstari wa njano, umeme wa ufunguo kwa waya wa kijivu, na hasi kwa waya wa kahawia. Kwenye redio za madukani ni njano, nyekundu na nyeusi. Mtu asiyejua na asiye na mita hapo anabahatisha. Walipobahatisha wakakosa, hawakutafuta kosa. Walivuta waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila fyuzi, ukapita kwenye tundu la bati lisilo na mpira. Mtikisiko wa barabara ukausugua waya kwenye bati mpaka ganda likaisha. Betri ya gari haina huruma na waya usio na fyuzi.

Kwa hiyo wanaosema "achana na mafundi wa vijijini, nenda duka linaloeleweka" naomba wanieleze. Duka linaeleweka kwa nani? Lina kiyoyozi, lina risiti, lina fulana safi. Nyuma ya dashibodi ambako mteja haoni, limefanya kazi ambayo mwanafunzi wa mzee huyu angechapwa kibao kwa kuifanya.

Kesho yake nikaenda mjini peke yangu, kwa gari la mwenzake mjomba, nikiwa nimejipanga kugomba. Sikufika mbali kwenye kugomba. Kwenye kabati la kioo, kati ya redio zilizotumika zinazouzwa, niliona redio ya kaseti na CD, maandishi ya Kijapani, kibonye cha kuongeza sauti kimegandishwa kwa gundi ya manjano.

Na kwenye kona ya uso wake, wadau wangu, kulikuwa na waya mweusi unaning'inia, mwishoni una tundu la AUX.

Nikamuuliza yule kijana bei. "Elfu tisini, kaka. Hii kali, original ya Toyota, ina AUX." Nikamuuliza, kumbe hizi zinaongezwa AUX? Akacheka, "Kaka, kila kitu kinawezekana."

Niliduwaa. Nilisimama pale kama dakika nzima. Kwa mzee mwenye vumbi la Ilongero kwenye viatu, haiwezekani. Kwa kijana wa Dar mwenye begi la kompyuta mgongoni, kila kitu kinawezekana. Redio ile ile! Wamemuuzia mjomba uongo kwa laki mbili na themanini, wakachukua mali yake bure, wakaifanyia kile kile alichoomba tangu mwanzo, na sasa wanaiuza. Tuliporudi na mjomba, na sauti zilipopanda na wateja wengine wakaanza kusogea, wakarudisha laki moja na nusu na redio juu. Zilizobaki wanasema ni gharama za ufundi. Kitambulisho cha uandishi sikukitoa. Mhariri wangu anasoma hapa.

Mzee wa Ilongero alipoifungua redio hiyo akaguna tena. Waya wa AUX wa dukani ulikuwa umelehemiwa kwenye nyaya za kichwa cha kaseti. Ngoja niwaeleze hili kama alivyonieleza, maana hapa ndipo uongo wa "haiwezekani" na uzembe wa "kila kitu kinawezekana" vinapokutana.

Kile kichwa kinachosoma mkanda kinatoa umeme mdogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya volti. Kwa hiyo kabla haujafika popote unapita kwenye amplifaya ndogo ya awali inayoukuza, na inakuza zaidi sauti nzito ili kusawazisha namna mkanda unavyorekodiwa. Simu yako inatoa umeme mkubwa kuliko huo mara mamia. Ukiuingiza simu kwenye mlango wa kichwa cha kaseti ni sawa na kumpigia mtu kelele ndani ya sikio lenye shime sikio. Unapata mkwaruzo na besi inayovimba kama uji. Mteja atasema AUX ni mbovu, atarudi dukani, atauziwa sahani ya ubwabwa. Biashara imekamilika.

Mahali sahihi ni baada ya amplifaya ile ya awali na kabla ya kidhibiti cha sauti. Hapo umeme una ukubwa unaolingana na wa simu. Mzee aliufuata mchoro wa bodi kwa kidole na mita, akapata vituo viwili, kushoto na kulia. Pini ya AUX ina sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, shina ni hasi ya wote wawili. Kila upande akaweka kapasita ndogo ili umeme mnyoofu wa ndani ya redio usitoke kwenda kwenye simu wala wa nje usiingie. Akatumia waya wenye wavu wa kukinga mwingiliano, na hasi akaiunga ndani ya redio yenyewe, siyo kwenye bodi ya gari. Tundu alilotumia ni lile lenye swichi ndani: usipochomeka kitu kaseti inafanya kazi kama zamani, ukichomeka njia ya kaseti inakatika na ya simu inafunguka. Unaweka kaseti tupu, unabonyeza cheza, redio inaamini inapiga mkanda, kumbe inapiga simu.

Nikamuuliza kwa nini asitumie tundu lililoko nyuma ya redio, la kile kisanduku cha CD nyingi. Nilitaka na mimi nionekane nimesoma. Akanijibu kwamba Toyota hizo ni wajanja: redio haiufungui mlango huo mpaka isikie kisanduku kinazungumza nayo kwa waya wa mawasiliano. Inahitaji kifaa cha kuigiza kwamba ni kisanduku. Vifaa hivyo vipo, lakini unaagiza, na bei yake inazidi redio. Nikanyamaza.

Soketi akaipata kwenye mabaki ya gari lingine, akalehemu nyaya moja moja, akavisha kila kiungo mpira, akarudisha fyuzi mahali pake. Nusu siku. Kazi yote elfu ishirini na tano. Nikaona haya, nikaongeza ya soda, akaikataa, nikampa mjukuu wake.

Sasa hoja zenu nazijua, maana nimezisikia tangu niweke picha ya redio hiyo kwa marafiki.

Wa kwanza anasema AUX imepitwa na wakati, siku hizi ni Bluetooth, hata simu zenyewe hazina tena tundu la hedifoni. Kweli, iPhone waliliondoa mwaka 2016 na wengine wakafuata. Lakini kidude cha kupokea Bluetooth kinachouzwa elfu kumi, kinachomekwa wapi? Kwenye AUX! Ukiwa na tundu hilo leo unachomeka simu ya tochi yenye memori kadi, kesho unachomeka kipokezi cha Bluetooth, keshokutwa kitu ambacho Wachina hawajakibuni bado. Pini hiyo ni mjukuu wa pini za simu za karne ya 19, zile walizokuwa wakichomeka waunganishaji wa simu, na ilipopunguzwa ikapata umaarufu kwa Walkman ya Sony mwaka 1979. Imewazika wengi waliosema imepitwa. Kioo cha laki mbili na themanini, kwa upande wake, mwaka wa pili kikiganda hakuna wa kukifungua, wala kipuri chake hakipo.

Wa pili anasema dereva atachezea simu aue watu. Hapa nakubali, na nakubali bila masharti. Dereva asiguse. Kwenye Noah ya mjomba simu inashikwa na konda, waya umekatwa mrefu wa kumfikia yeye mlangoni. Lakini niambieni, kile kioo kikubwa kinachocheza video mbele ya macho ya dereva, hicho ndicho usalama?

Wa tatu ndiye anayenikera, na bahati mbaya anatoka kwenye watu niliosoma nao. Anasema: "Wewe na digrii yako unakaa kibandani unashika taa ya fundi?" Ndiyo, nilishika taa. Mimi na wewe tulikaa miaka mitatu chuo kikuu tukisoma mawasiliano ya umma. Tulijibu maswali kuhusu Marconi. Tulijifunza kwamba sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua milango ya redio binafsi. Hakuna hata siku moja mtu alileta redio darasani akaifungua tukaona ndani kuna nini. Ndiyo maana tunaandika kurasa za teknolojia kwa kunakili matangazo ya wauza vifaa. Na ndiyo maana duka linaweza kumwambia mzee haiwezekani na hakuna gazeti, likiwamo langu, lililowahi kuandika mstari mmoja kwamba inawezekana, inafanyika vipi, na bei ya haki ni ngapi. Wakenya wamejiwekea sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane. Sisi tunayaruhusu ya zamani zaidi kwa ushuru wa ziada. Basi kama tumekubali magari ya zamani, tukubali na elimu ya kuyatunza. Haiwezekani serikali ichukue ushuru wa uzee wa gari, duka lichukue redio kwa sababu ya uzee wa gari, halafu mwenye gari abaki na moshi.

Sisemi maduka yote ni wezi. Sisemi kila fundi wa kijijini ni malaika. Wapo waliochoma redio za watu kwa pasi ya makaa. Ninachotaka ni kwamba mtu akikuambia haiwezekani, umwambie afungue, aonyeshe ni wapi pasipowezekana. Akikata soketi, mkatae. Akikwambia iache hiyo ya zamani tutaitupa, ibebe uende nayo, hata kama utaitumia kuzuia mlango.

Sauti ya ile redio sasa ni safi, isipokuwa jambo moja. Konda akichaji simu kwenye gari huku imechomekwa AUX, spika zinapiga mluzi mwembamba unaopanda mjomba akikanyaga mafuta. Ni umeme wa altaneta unaingia kupitia hasi mbili zinazozunguka. Mzee anasema kuna kidude cha kutenganisha, kitaletwa kutoka mjini. Kwa sasa konda anachaji nyumbani.

Siku ya kuondoka nilipanda Noah hiyo saa kumi na moja na nusu alfajiri. Konda alikuwa ameniomba nimwekee kitu kwenye simu, akidhani nina nyimbo mpya za Dar. Nilikuwa na mahojiano niliyorekodi soko la vitunguu la Misuna kwa ajili ya ile makala yangu, mfanyabiashara anaeleza jinsi bei ya gunia inavyopangwa kabla mkulima hajashusha mzigo. Nikamwekea hayo. Akachomeka, akabonyeza, akaweka sauti. Watu walikuwa wanasinzia. Tulipofika katikati ya njia baba mmoja nyuma, aliyekuwa amekumbatia gunia lake, akainuka kidogo.

"Konda," akasema, "hebu rudisha nyuma hapo kwenye bei."

Konda akarudisha.